Tulivyohama Sinza na Kujifunza Kuchagua Mtaa

Kwenye Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ukitoka Ubungo kuelekea magharibi, kuna kituo kinachoitwa Kimara Mwisho, na mbele yake, baada ya Stop Over, Suka na Temboni, kipo kingine kinachoitwa Mbezi Mwisho, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili ambacho leo ni mwisho wa jiji. Kila palipoitwa Mwisho ni mahali ambapo wakati fulani daladala ziligeuza, kisha jiji likapapita na kuendelea hadi Kibamba na Kiluvya, mpakani na Mkoa wa Pwani. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541, na ile ya 2022 ikakuta watu 5,383,728, na yeyote aliyekuwa akitafuta nyumba ya kupanga katika miaka hiyo anajua hao milioni moja walioongezeka walikwenda kukaa wapi: walikwenda ndani, yaani mbali na lami, kule ambako kodi ni ndogo na dalali anakwambia kwamba barabara inakuja.

Mimi na mume wangu tulikuwa miongoni mwao. Tulikuwa tumepanga Sinza, vyumba viwili na sebule, kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, hadi mwishoni mwa 2018 mwenye nyumba alipotuita, kwa adabu kabisa, akatuambia kwamba kuanzia mwaka mpya kodi itakuwa 300,000 na italipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Shilingi milioni tatu na laki sita hatukuwa nazo. Tuliomba tulipe ya miezi sita, akasema yupo mtu aliyekwisha kuja na fedha taslimu, nasi tukaanza kutafuta dalali.

Dalali alitupeleka Mbezi, ile ya Barabara ya Morogoro, si Mbezi Beach, upande wa kuelekea Msakuzi, Jumapili moja ya Januari 2019 saa nane mchana. Jua lilikuwa kali, njia ilikuwa kavu, na bajaji ilitufikisha hadi mlangoni bila shida yoyote. Nyumba ilikuwa mpya, imepakwa rangi karibuni, ina vyumba vitatu, sebule, jiko la ndani na kibaraza chenye upepo ambao Sinza sikuwahi kuupata. Kodi ilikuwa shilingi 150,000. Mama mwenye nyumba alitufungulia bomba la uani, maji yakatoka kwa nguvu, nikanawa mikono na uso, nikaridhika. Sikuuliza maji yale yanatoka wapi. Simtanki la lita 2,000 lilikuwa juu ya mnara nyuma ya nyumba, na baadaye sana majirani waliniambia kwamba boza lilikuja kulijaza siku moja kabla ya sisi kufika. Tulilipa 900,000 za miezi sita, tukampa dalali kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi, na fedha ya kuzungushwa kuangalia nyumba juu yake, tukahamia kabla ya mwezi kwisha.

Simtanki lile lilidumu siku tisa.

Baada ya hapo tuliingia katika maisha ya madumu. Bomba la mtandao wa maji lilikuwa limefika mtaa wa jirani, kilima kimoja kutoka kwetu, na sisi tulinunua kwa vijana wenye mikokoteni, dumu la lita 20 kwa shilingi 400, madumu manane kwa siku kwa watu wanne, na siku ya kufua ni zaidi. Kisima kilikuwepo kwa jirani, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi kiasi kwamba sabuni haikutoa povu, na sufuria zilibaki na utando mweupe. Hili la chumvi halipaswi kumshangaza mtu wa Dar es Salaam, kwani kuna mahali upande wa Tabata panaitwa Maji Chumvi na hakuna aliyewahi kuficha sababu ya jina hilo. Mimi ndiye niliyedhani kwamba ukisogea mbali na bahari chumvi nayo itabaki nyuma.

Kisha ikaja masika. Mbezi ni nchi ya vilima na makorongo, jambo ambalo wakati wa kiangazi linampa mtu mandhari ya kupendeza na wakati wa mvua linamfunga ndani. Kati ya nyumba yetu na barabara ya vumbi iliyokuwa ikienda Mbezi Mwisho kulikuwa na korongo ambalo Januari tulilivuka bila hata kulitambua, maana lilikuwa kavu na watoto walichezea mpira ndani yake. Jioni moja ya Aprili nilishuka kwenye bodaboda upande wa pili wa korongo hilo kwa sababu dereva alikataa katakata kuendelea, na alikuwa na haki. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakishuka yamebeba matawi, chupa na kipande cha bati. Watu kama kumi na watano tulisimama pale gizani, wengine wakiwa wametoka kazini Posta na Kariakoo, tukisubiri yapungue, na mwanamke mmoja aliyekuwa na uzoefu alivua viatu, akavitia ndani ya mfuko wa rambo, mifuko ambayo serikali iliipiga marufuku Juni mwaka huohuo, akaufunga mfuko kiunoni kwa kanga na kukaa juu ya jiwe kama mtu aliyeko kituoni. Nilimuuliza tutasubiri hadi saa ngapi. Alinijibu, "Dada, mvua ikikatika Kibamba sasa hivi, saa tatu tunavuka. Isipokatika, tunalala kwa mama muuza mkaa." Tulivuka saa nne kasoro, tumeshikana mikono, maji yakiwa magotini.

Wiki ile nilichukua daftari la mwanangu wa darasa la tatu, nikageuza ukurasa wa mwisho na kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga Desemba. Bodaboda kutoka nyumbani hadi Mbezi Mwisho ilikuwa shilingi 1,500, kwenda na kurudi 3,000, na kwa siku 26 za kazi ni 78,000, nikiacha zile siku za mvua ambazo bei ilipanda maradufu. Maji yalikuwa 3,200 kwa siku, yaani 96,000 kwa mwezi. Jumla ni 174,000. Sinza nilikuwa nikitembea kwa miguu hadi kituoni, na maji yalikuwa yakitugharimu kama 15,000 tu, kwa hiyo nyongeza halisi ilikuwa 159,000. Kodi tuliyookoa, tukilinganisha na ile mpya ya Sinza iliyotufukuza, ilikuwa 150,000. Tulikuwa tumehama ili tulipe 9,000 zaidi kila mwezi na kuamka saa kumi alfajiri. Wala sikuingiza humo nauli ya daladala ya kutoka Mbezi hadi Kimara kabla ya kupanda mabasi ya mwendokasi, wala viatu vya mume wangu, ambaye kwa ubahili wake alikuwa akitembea hadi barabarani dakika hamsini.

Mume wangu alilaumu dalali. Mimi sikuweza, kwa sababu dalali hakusema uongo wowote. Alijibu kila nilichouliza, na tatizo lilikuwa kwamba niliuliza kuhusu nyumba. Marumaru, dari, madirisha ya alumini, vyote nilivikagua. Mtaa sikuukagua hata kidogo, na ni mtaa ndio uliokuwa ukitutoza.

Nilianza pia kuelewa kwa nini Sinza ni ghali. Sinza, pamoja na Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo serikali ilitangulia kuweka barabara, mitaro na mabomba, halafu mwananchi akapewa kiwanja ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Mradi ulikusudiwa watu wa kipato kidogo. Miaka arobaini baadaye watu wa kipato hicho hawawezi hata kupanga humo, kwa sababu mtaa ambao barabara yake ilichorwa kabla ya nyumba ni kitu adimu katika jiji hili. Kule kwetu Mbezi mambo yalikwenda kinyume: mwenye shamba la mikorosho na minazi aliuza vipande kwa hatua za miguu, kila mnunuzi akajenga alipopenda, na njia ikabaki kuwa ile nafasi ambayo kuta mbili hazikuifikia. Lori la zimamoto halipiti humo, na gari la kunyonya majitaka halipiti pia, hivyo shimo la choo likijaa wengine husubiri mvua kubwa wakalifungulie korongoni, jambo ambalo nililiona kwa macho yangu na ambalo lilinifanya niache kuwaruhusu watoto kucheza mpira pale hata kiangazi.

Kwa kuwa kodi ya miezi sita ilikuwa imekwisha kulipwa, tulikuwa na muda hadi Julai, na hiyo ikawa bahati yetu, maana tuliutafuta mtaa wa pili mvua ikiwa inanyesha. Safari hii sikuongozana na dalali kwanza. Nilikwenda Kibamba, nikaenda Chanika, nikaenda Kinyerezi, na kila mahali nilijiwekea sharti la kufika mara tatu: mara moja mvua inaponyesha au asubuhi yake, mara moja siku ya kazi saa kumi na moja alfajiri, na mara moja usiku baada ya saa tatu. Shemeji zangu walinicheka, wakisema kwamba natafuta chumba kama mtu anayechunguza mchumba. Niliwaacha wacheke.

Ziara ya alfajiri ndiyo inayosema mengi zaidi. Unasimama kituoni unaangalia kama daladala inafika tupu au inafika imejaa kwa sababu watu wamepandia kituo cha nyuma wakazunguka nayo, unahesabu dakika, na wewe mwenyewe unapanda hadi kazini kwako na saa mkononi. Chanika nilikupenda. Kodi yake ilikuwa ndogo kuliko kote, nyumba zina nafasi, na hewa ya kutoka misitu ya Pugu ni safari ya mapumziko yenyewe. Lakini kutoka pale hadi Kariakoo kupitia Gongo la Mboto na barabara ya uwanja wa ndege nilitumia saa mbili na dakika ishirini, na kwa mtu mwenye mtoto wa darasa la tatu na mwingine wa chekechea, karibu saa tano kwa siku ndani ya basi ni maisha mengine kabisa. Kibamba ilinivutia kwa sababu ya ile Hospitali ya Mloganzila iliyofunguliwa karibuni na barabara kuu iliyokuwa ikipanuliwa, ila nyumba tulizozimudu zilikuwa tena ndani, na neno "ndani" lilikuwa limekwisha kunitia homa.

Kuhusu watu wa kuuliza, nimefikia msimamo mmoja ambao sijaubadilisha: muulize mtu ambaye hapati chochote ukihamia wala ukiacha kuhamia. Mwenye nyumba ana maslahi, dalali ana maslahi, na hata mpangaji unayemkuta anaweza kuwa ameambiwa aseme vizuri. Kinyerezi nilikaa kwenye benchi la mama mmoja wa maandazi kando ya barabara, nikanunua maandazi manne na chai ya rangi, nikamwamkia, na baada ya chai ya pili nikamwambia kwamba natafuta nyumba. Aliniuliza kodi tunayoiweza. Nilipomtajia, alinyoosha kidole kuelekea bondeni, ambako paa kadhaa za bluu zilionekana, akasema, "Bei hiyo utaipata kule chini, mwanangu, na zile ndizo nyumba watu wanahama kila mwezi wa tano. Ukiweza kuongeza elfu thelathini, kaa huku juu." Kisha akaniambia nitazame kuta. Nilishuka bondeni, na kweli, kwenye kuta za nje kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka kama uliopigwa na rula, usawa wa kiuno changu. Nyumba mbili zilikuwa zimepakwa rangi mpya hadi usawa huohuo tu, na juu yake rangi ya zamani, na kwa mtu aliyekwisha kuambiwa, rangi ile ilikuwa ushahidi mkubwa kuliko mstari wenyewe.

Bonde hilo ni la Mto Msimbazi, ambao unatoka milima ya Pugu upande wa Kisarawe na kupita Kinyerezi kabla ya kufika Kigogo na Jangwani, yale maeneo ambayo kila mwenye redio anayajua kwa mafuriko. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, na wengi wetu tukabaki na imani kwamba hatari iko mjini tu, kule Jangwani. Mto una urefu wake wote. Mtu anayekwenda kupanga pembezoni anapaswa kujua bonde lililo karibu naye linapeleka maji wapi na linayapokea kutoka wapi, na kama hana mtu wa kumuuliza, basi atazame mimea, kwa maana matete na migomba minene havioti palipo pakavu.

Mengine niliyoyaangalia nayapita kwa haraka. Usiku nilisikiliza: baa yenye muziki hadi saa nane, kiwanda cha matofali, au uwanja ambao vijana hufanyia vigodoro, yaani ngoma za usiku, vyote ni halali ya mtaa, lakini ni bora uvijue kabla ya kulipa. Nilimtafuta mjumbe wa shina na kumuuliza kama ulinzi shirikishi upo na wakazi wanachangia kiasi gani. Mtaa ambao wakazi wanachanga kwa wakati mara nyingi ndio mtaa ambao wakazi wanajuana, na mtaa ambao mjumbe mwenyewe hajulikani anakaa wapi nao ulinipa jibu. Nilikwenda kuiona shule ya msingi saa ya mapumziko na kuhesabu watoto kwa macho, kwani tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 shule nyingi za pembezoni zimefurika kuliko zile za katikati. Niliuliza pia ukipatwa na homa ya mtoto saa nane usiku unakwenda wapi na nani anakupeleka, na nilifurahi kuona kwamba dereva wa bodaboda wa pale kijiweni alijibu bila kufikiri.

Jambo moja dogo linastahili kutazamwa kwa karibu, nalo ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba tuliyoipata Kinyerezi ilikuwa na wapangaji watatu, na swali langu la kwanza kwa baba mwenye nyumba lilikuwa kama kila mpangaji ana mita yake. Aliniambia kwamba mita ni moja, lakini ameweka mita ndogo ndani kwa kila mlango na hesabu hufanywa kila Jumamosi, akanionyesha daftari. Daftari lilikuwa na tarehe, uniti na sahihi za wapangaji kurudi nyuma miaka miwili. Nadhani daftari lile ndilo lililotufanya tulipe, zaidi ya nyumba yenyewe, ambayo ilikuwa ndogo kuliko ile ya Mbezi na dari yake ilikuwa imepinda upande wa jikoni.

Kodi ilikuwa 200,000. Maji ya bomba yalitoka siku tatu kwa wiki, yakatutosha kwa kuwa simtanki lilikuwa kubwa na safari hii nilipanda ngazi mwenyewe nikachungulia. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika saba, na daladala moja ilinifikisha Kariakoo kupitia Segerea na Tabata, pamoja na foleni yake ambayo siisifii. Ukitoa kila kitu, tulibakiwa na karibu shilingi 70,000 kwa mwezi ukilinganisha na kubaki Sinza, na nililala hadi saa kumi na moja na nusu. Hasara pia zilikuwepo: tulipoteza kibaraza cha upepo, na mume wangu hadi leo hukitaja kila joto la Februari linapofika.

Sasa tumeanza kutafuta kiwanja, na huko mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mpangaji akikosea anahama baada ya miezi sita, ilhali aliyejenga hana pa kuhamia. Mwaka 2017 tuliona nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zikibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande kutoka katikati, na nyingi zilikuwa nyumba imara za watu waliokaa humo miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei tunauliza kama eneo limepimwa, tunaomba namba ya kiwanja na kitalu, na tunakwenda nayo kwenye ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, badala ya kuridhika na barua ya mauziano iliyopigwa muhuri mbele ya mashahidi wawili ambao muuzaji amekuja nao mwenyewe.

Kipo kimoja Msongola ambacho tumekipenda, mita 20 kwa 30, juu ya mwinuko, na karatasi zake mpaka sasa hazina kasoro. Tumekwenda kukiona mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kiangazi. Nimemwambia muuzaji kwamba tutarudi Aprili. Anasema wapo wateja wengine wanne wanaokitaka kabla ya hapo, na inawezekana kweli wapo.